Jena, Oberkochen na lensi zinazozungushwa kwa mkono Morogoro

Mei mwaka huu wa 2026 inatimia miaka 60 tangu Baraza la Malodi la Uingereza, ambalo zama hizo ndilo lililokuwa mahakama ya mwisho ya nchi hiyo, litoe hukumu katika kesi ya Carl Zeiss Stiftung dhidi ya Rayner & Keeler. Wanafunzi wa sheria bado wanaitafuna. Wapiga picha wa Morogoro wanaofunga lensi za zamani kwenye kamera za kisasa hawana habari nayo, ingawa masalia ya ugomvi ule wanayashika mkononi, yamechorwa kwenye ukingo wa kioo.

Lensi hizo hazina mota wala waya. Zina pete mbili: moja ya kufungua na kubana upenyo wa mwanga, nyingine ya fokasi, na ya fokasi unaizungusha mwenyewe mpaka uso wa bibi harusi utoke mkali. Vijana wanazipenda kwa rangi zake na kwa bei yake. Zilikaa makabatini miaka 20 na ushee bila kazi, na kilichozirudisha mjini ni hesabu ndogo ya milimita.

Kila lensi hutengenezwa ikae umbali maalumu kutoka kwenye filamu au sensa. Zile za uzi wa M42 zinataka milimita 45.46, za Nikon F zinataka 46.5, za Canon FD zinataka 42. Umbali ulikuwa mrefu kwa sababu ndani ya kamera ilibidi kuwe na nafasi ya kioo cha kuakisi, kinachorusha taswira juu kwenye jicho la mpigaji. Kamera za mirolesi hazina kioo hicho. Za Sony zinahitaji milimita 18 tu. Toa 18 kwenye 45.46, unabaki na 27.46, na huo ndio urefu wa adapta: bomba tupu la chuma, upande mmoja uzi, upande wa pili meno ya kamera. Kazi yake yote ni kushikilia lensi pale ilipozoea kukaa.

Historia ya mwanzo ya upigaji picha inajulikana, tusiikalie. Walther Dobbertin alifika Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1906 na kupiga kwa sahani za kioo, na leo mkusanyiko wake unatunzwa na Hifadhi ya Taifa ya Ujerumani mjini Koblenz. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar. Kamera ndogo ya Leica ilikuwa imezinduliwa miaka mitano kabla, kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig, na mwaka 1931 watengenezaji wake wakakubali umbali mmoja wa milimita 28.8 kwa kamera zao zote, ili lensi yoyote iingie kwenye kamera yoyote. Kabla ya hapo lensi za ziada zililazimika kurekebishwa kiwandani zioane na kamera ya mteja mmojammoja. Baada ya vita, mwaka 1949, ikatokea Contax S kutoka Dresden ikiwa na uzi wa M42, uliokuja kutumiwa na Wajerumani, Wajapani na Warusi kwa pamoja.

Penye uzi wa pamoja hapakuwa na jina la pamoja. Hapo ndipo kesi yetu inapoanza.

Carl Zeiss alifungua karakana yake mjini Jena, mashariki mwa Ujerumani, mwaka 1846. Mshirika wake, mwanafizikia Ernst Abbe, alianzisha wakfu mwaka 1889, na wakfu huo ndio uliokuja kumiliki kiwanda. Aprili 1945 wanajeshi wa Marekani waliingia Jena. Walijua kwamba mji utakabidhiwa kwa Warusi, kwa hiyo kabla ya kuondoka waliwahamisha wataalamu zaidi ya 70 wa Zeiss kwenda upande wao. Waliohamishwa wakaanzisha kiwanda Oberkochen mwaka 1946. Warusi nao walipofika wakafungua mitambo ya Jena na kuipeleka kwao. Mashine za kutengeneza Contax ziliishia Kiev, na ramani ya lensi ya Biotar ndiyo iliyozaa Helios-44 ya Kisovieti, ambayo leo ndiyo kipenzi cha wapiga picha wa harusi kwa ule ukungu wake wa nyuma unaozunguka.

Jena ilijijenga upya. Sasa kukawa na Zeiss mbili, Mashariki na Magharibi, kila moja ikidai ndiyo yenye wakfu, kama ndugu wa baba mmoja wanaogombea shamba lenye hati moja. Mwaka 1955 Jena ilifungua shauri London kuwazuia wa Oberkochen na mawakala wao, Rayner & Keeler, wasiuze lensi kwa jina la Zeiss.

Wadaiwa hawakujibu kuhusu lensi. Walisema mawakili wa Jena hawana mteja. Hoja yao ilikwenda hivi: katiba ya wakfu inataka usimamiwe na mamlaka ya serikali ya pale ulipo, mamlaka hiyo kwa sasa ni Baraza la Wilaya ya Gera, baraza hilo limeundwa kwa sheria ya Ujerumani Mashariki, Uingereza haiitambui Ujerumani Mashariki, basi baraza halipo, na asiyekuwepo hawezi kumtuma wakili. Mahakama ya Rufani ilikubaliana nao. Kiwanda chenye maelfu ya wafanyakazi na lensi zilizojaa madukani kikaambiwa hakina mtu wa kukisemea.

Mei 1966 Malodi walipindua uamuzi huo, na njia waliyopitia inafurahisha hata kwa asiye mwanasheria. Walisema Serikali ya Uingereza inautambua Umoja wa Kisovieti kuwa ndio wenye mamlaka katika eneo lile. Kwa hiyo Ujerumani Mashariki ichukuliwe kama chombo kilichowekwa na Moscow, na matendo yake, pamoja na kuunda Baraza la Gera, yana nguvu kisheria. Jena ikapata mlango wa kuingilia mahakamani kwa sharti la kuitwa kibaraka. Lodi Wilberforce alikwenda mbele zaidi, akaona kwamba haki za watu binafsi na shughuli zao za kila siku zisifutwe kwa sababu tu serikali yao haitambuliwi. Nimeisoma hukumu hiyo, na kwangu hapo ndipo penye busara yake.

Ugomvi wenyewe ulimalizwa kwa mapatano yaliyofikiwa London mwaka 1971. Lakini wa Jena walikuwa wamezoea kuficha jina kwenye masoko waliyozuiwa. Lensi ile ile ya Tessar ilitoka kiwandani na sura mbili: moja imeandikwa “Carl Zeiss Jena”, nyingine “aus Jena” na herufi T peke yake. Ukikutana na yenye herufi moja, usidhani umeuziwa ya bandia. Hiyo ilikuwa safarini kuelekea Magharibi.

Sisi pia tulikuwa ndani ya ugomvi huu wa kutambuana. Zanzibar ya baada ya Mapinduzi iliitambua Ujerumani Mashariki mwaka 1964, na wataalamu wake wakaja. Majumba ya Kikwajuni na Michenzani ni ushahidi. Ulipokuja Muungano, Bonn, mji mkuu wa Ujerumani Magharibi, ikatishia kukata misaada. Mwaka 1965 Mwalimu Nyerere aliruhusu Ujerumani Mashariki iwe na ubalozi mdogo tu Dar es Salaam. Hata hivyo Wajerumani Magharibi wakaondoa msaada wao wa kijeshi, naye akawaambia waondoe na uliobaki. Mpiga picha Mohamed Amin, aliyeanzisha Camerapix Dar es Salaam mwaka 1963, alionja ukali wa Zanzibar hiyo ya baada ya Mapinduzi: mwaka 1966, mwaka ule ule wa hukumu, aliwekwa gerezani huko karibu mwezi mzima kisha akafukuzwa nchini.

Morogoro ilipata Wajerumani wake wa Mashariki baadaye. Mazimbu, kwenye shule ya ANC iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, walikuwepo walimu kutoka nchi hiyo. Mwaka 1992 shule ilikabidhiwa Tanzania na sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Kumbukumbu zake zimetunzwa Fort Hare, Afrika Kusini.

Turudi kwenye lensi. Minolta ilileta kamera ya kujifokasi yenyewe mwaka 1985. Canon ikaacha mfumo wa FD mwaka 1987, ikawaacha wateja wake na lensi zisizoingia kwenye kamera mpya. Adapta ya kawaida haikuwezekana, maana FD inataka milimita 42 na kamera mpya zilikuwa na 44. Panasonic ikatoa mirolesi ya kwanza, Lumix G1, mwaka 2008, Sony ikafuata na A7 mwaka 2013, na makabati yakafunguliwa.

Tessar yangu, milimita 50, ilitoka kwenye boksi la vitu vya mtumba. Kamera haiijui: bila kuingia kwenye menyu na kuiruhusu ipige hata kama haioni lensi, haifyatui. Jena imezoea. Ukishapita hapo, kazi ni ya jicho. Kamera inapaka rangi kingo zilizo kali, nyekundu au njano, na rangi hizo zinadanganya kwenye majani; afadhali kukuza taswira mara kadhaa kwenye skrini na kuzungusha pete taratibu, ukipita kidogo kisha ukirudi. Adapta za bei rahisi huwa fupi kwa nukta chache makusudi, hivyo pete inapita alama ya mbali kabisa. Ukiizungusha mpaka mwisho ukidhani umeipata Uluguru, umeikosa. Mimi napima kwa minara ya Bondwa asubuhi kabla mawingu hayajashuka, kisha naweka alama ya kalamu kwenye pete. Mawingu yakishashuka, hakuna ukingo wa kushika.

Kinachoniudhi ni unyevu. Wenye studio za zamani waliziweka lensi kwenye mifuko ya ngozi, ndani ya makabati yasiyopitisha hewa, na fangasi wakazila. Negativu walizopiga kwa lensi hizo, harusi, kipaimara na paspoti za mji mzima, ziko kwenye makabati hayo hayo, na sijasikia ofisi yoyote ikiziulizia. Picha za Mjerumani wa 1906 zina chumba chake Koblenz. Anayetaka kuokoa za kwetu aanze na tochi: uimulike lensi kutoka nyuma, na ukiona nyuzi nyeupe kama mizizi, itenge na nyingine siku hiyo hiyo.