Jaa la Taka Kando ya Bahari ya Barafu

Ewe msomaji, ukisikia Antaktika likitajwa, bila shaka moyoni mwako huona nchi nyeupe isiyo na doa. Wataalamu waliokwenda kukaa huko nao waliiona hivyo, na huenda ndiyo sababu hawakuona vibaya kutupa taka zao mlangoni.

Mwaka 1957 Wamarekani walijenga kituo cha Wilkes katika pwani ya mashariki ya bara hilo. Miaka miwili baadaye Waaustralia walikabidhiwa kituo hicho, lakini theluji ilikifukia, wakajenga kingine ng'ambo ya ghuba. Hicho ndicho Casey, kilichofunguliwa mwaka 1969. Tangu siku za ujenzi, mwaka 1965, hadi mwaka 1986, taka zao zilitupwa katika bonde la Thala: betri, mikebe na vyuma vya kila namna. Bonde hilo huteremkia ghuba ndogo ya Brown Bay. Kila kiangazi theluji ilipoyeyuka, maji yalipita katikati ya jaa, yakachukua shaba, risasi na zinki, yakazitia baharini.

Sasa fikiri ni nani hukingoja kiangazi hicho. Majini na topeni mna mimea midogo isiyoonekana kwa macho, iitwayo diatomu. Nuru iongezekapo baada ya majira ya baridi, huota kwa haraka. Uduvi huila, na pengwini na nyangumi hula uduvi. Basi sumu na jua vilifika pamoja. Shaba kidogo mmea huihitaji. Ikizidi, huuzuia kujitengenezea chakula kwa nuru. (Ajabu ni kwamba katika bahari hiyo hiyo chuma ni haba, na mimea hudhoofika kwa kukikosa!)

Diatomu ina gamba mfano wa kioo. Ikifa, gamba huzama likabaki. Wataalamu walipolinganisha tope la Brown Bay na la ghuba safi, waliona kwamba jamii za diatomu zimebadilika.

Itifaki ya Madrid ya mwaka 1991, iliyoanza kutumika mwaka 1998, iliamuru majaa ya zamani yasafishwe, isipokuwa pale ambapo kuyaondoa kungedhuru zaidi. Sharti hilo si dogo, kwani kulichimba jaa ni kuiamsha sumu. Katika kiangazi cha mwaka 2003 na 2004 Waaustralia walilichimba jaa la Thala kwa uangalifu mwingi, wakiyasafisha maji yaliyotiririka. Lakini metali haiozi. Ile iliyokwisha kuzama ghubani haikupakiwa melini.