Pazia la bajaji wakati wa mvua: funika abiria, muache dereva aone

Bajaji haina milango. Ina paa la turubai na kioo mbele, lakini pembeni ni wazi. Mvua za masika (Machi hadi Mei) na vuli (Oktoba hadi Desemba) zikianza, abiria wa Kigamboni hulowa chapachapa pazia lisiposhushwa. Lakini kufunga kila upande nako kuna hatari zake.

Funga wapi?

Shusha pazia kwenye siti ya nyuma, upande mvua inakopigia. Sehemu ya dereva ibaki wazi. Yeye avae koti la mvua.

Upande wa mvua hubadilika. Ikikupiga kushoto ukielekea Kurasini, wakati wa kurudi itakupiga kulia. Kwa hiyo pazia liwe la kukunja na kushusha haraka.

Kwa nini isifungwe kote?

*Kuona.* Plastiki angavu ikichubuka, usiku taa za magari husambaa juu yake na dereva haoni vizuri. Turubai ndiyo kabisa: linaziba saiti mira. Pia watu wakijifungia ndani, pumzi zao hutia ukungu kwenye kioo cha mbele.

*Upepo.* Bajaji ni nyepesi na ina tairi moja tu mbele. Pazia kubwa hushika upepo kama tanga. Hali hiyo husumbua zaidi mahali pasipo na majengo ya kukinga, kama juu ya Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680, lililofunguliwa Aprili 2016. Upepo ukizidi, kunja pazia na upunguze mwendo. Kulowa si tatizo kubwa kama kupinduka.

*Kushuka.* Tanzania tunaendesha kushoto, hivyo abiria hushukia kushoto. Pazia la upande huo lifungwe kwa kifungo ambacho hata mtoto anaweza kukifungua, si kwa kamba yenye fundo.

*Moshi.* Injini ya bajaji ipo nyuma. Ukiegesha kusubiri mvua ipite, usishushe mapazia yote huku injini inaunguruma. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na inaweza kuua.

Kabla ya kuondoka

Kagua ncha za chini. Pazia linalopepea linaweza kunaswa na tairi la nyuma au kumpiga mwenye bodaboda anayepita. Ukikunja, libane kwa mikanda miwili, mmoja kila mwisho.

Utunzaji

Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi hula vifungo vya chuma haraka. Suuza pazia kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, kisha lianike likauke kabla ya kulikunja. Likikunjwa bichi huota ukungu na kunuka. Kama plastiki imekuwa nyeupe kiasi cha kutoona upande wa pili, ibadilishe.

Na wewe abiria, kama dereva amejifungia asione pembeni, mwambie akunje pazia kabla hamjaondoka.