Unene wa mtoto si dalili ya afya: Sababu na athari zake kisiwani Pemba

MTOTO anapotononoka, watu wa Pemba, kama Waswahili wengine, husema ‘amepata afya’. Lugha yenyewe imeyaunganisha mambo mawili ambayo tabibu huyatenganisha, yaani unene na siha.

Kosa hilo lina asili yake. Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa Wawi, Chake Chake, mwaka 2000, imejijengea jina kwa utafiti wa minyoo na kichocho, maradhi ya watoto waliopungukiwa. Mzazi aliyekulia katika mazingira hayo hawezi kulaumiwa kwa kuyafurahia mashavu ya mwanawe.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, na asilimia 4 walikuwa na uzito uliozidi. Wapo watakaosema asilimia 4 si kitu. Hatari ni kwamba matatizo haya mawili huweza kukutana ndani ya mwili mmoja, na mizani peke yake haiwezi kuyabaini.

Tuchukue watoto wawili wa kiume wenye miaka saba, kila mmoja ana kilo 24. Wa kwanza ana urefu wa sentimita 122, wa pili sentimita 110. Uzito ukigawanywa kwa kipeo cha pili cha urefu katika mita, wa kwanza anapata 16.1, wa pili 19.8. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani (WHO), wa kwanza yuko sawa. Wa pili amedumaa na papo hapo ana unene uliokithiri. Aliyewapima uzito tu atawaruhusu wote wawili warudi nyumbani.

Hali hiyo huweza kuanza tangu mimbani. Mwili wa mtoto aliyekosa lishe tumboni na katika miaka miwili ya mwanzo hujifunza kuweka akiba. Ukija kukutana na vyakula vya mafuta na sukari, huihifadhi akiba hiyo kama mafuta. Urithi nao una sehemu yake, ila haubadiliki kwa kizazi kimoja. Kinachobadilika haraka ni chakula.

Muhogo, majimbi na ndizi kwa samaki vinawapisha chipsi, maandazi na vinywaji vya sukari vinavyouzwa karibu na skuli. Soda ya mililita 330 huwa na takriban gramu 35 za sukari, karibu vijiko tisa vya chai. WHO inashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtoto anayehitaji kilokalori 1,600, hiyo ni gramu 40. Chupa moja inakaribia kuumaliza mgao wote, kabla ya chai ya jioni.

Upande wa pili ni mwendo. Mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji wastani wa dakika 60 za kuutumikisha mwili kila siku. Aliyekuwa akienda skuli na chuoni kwa miguu sasa hupakiwa kwenye pikipiki, na jioni hukaa mbele ya televisheni au simu. Wasichana hupata hasara zaidi, kwani wakianza kukua huambiwa nage si mchezo wao tena.

Athari hazingoji utu uzima. Shinikizo la damu, mafuta kwenye ini, maumivu ya magoti, kukoroma na kukatika pumzi usingizini huonekana kwa watoto, na hata kisukari cha aina ya pili, kilichokuwa kikihesabiwa ugonjwa wa wazee. Utani wa wenzake nao humfanya mtoto aukimbie uwanja, akazidi kunenepa.

Hata hivyo, mtoto hafungishwi njaa. Aghalabu lengo ni kuuzuia uzito usipande wakati urefu unaendelea, hadi viwili hivyo vilingane. Kwa aliyedumaa nafasi hiyo ni finyu, hivyo mpango wake hupangwa na mtaalamu wa lishe: soda na vya kukaangwa hupunguzwa, lakini dagaa, mayai na kunde hubaki katika sahani yake, kwa sababu mifupa yake bado inavihitaji.