Karate ya kweli na karate ya maonyesho: mwongozo kutoka nchi ya chai

Februari 2023 shirika la habari la BBC lilitangaza uchunguzi uliowashtua wengi, hata sisi wa Pwani ambao Kericho tunaijua kwa majani yake tu. Zaidi ya wanawake 70 waliofanya kazi katika mashamba ya chai yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na kampuni mbili za Uingereza, Unilever na James Finlay, walisema wasimamizi wao waliwadhulumu kingono. Habari kama hiyo ikitoka, hapakosi mtu wa kusema: "Wafundisheni wanawake karate."

Ushauri huo ni mzuri, lakini ni nusu tu. Nusu iliyobaki ni swali ambalo watu hawaliulizi: karate ipi, na kwa mwalimu gani? Kuna karate inayomjenga mtu, na kuna sarakasi iliyovaa sare nyeupe. Ya pili ni hatari kuliko kutojua kitu, kwani humpa binti ujasiri asio nao, akaingia kwenye balaa akidhani ana silaha.

Makala haya yanaitazama nchi ya chai, kuanzia Kericho na Litein hadi Bomet na Sotik. Hata hivyo mzazi wa Kisauni au Malindi mwenye mtoto anayetaka kujiunga na karate atayaona yanamhusu vilevile.

Karate ilitoka wapi

Karate ilikulia Okinawa, kisiwa kilichokuwa makao ya ufalme wa Ryukyu kabla ya Japani kuutwaa rasmi mwaka 1879. Wenyeji waliuita mchezo huo "te", yaani mkono, na ulichanganya mbinu zao na zile zilizotoka China. Ulifundishwa kwa watu wachache, pasi na makelele.

Mwaka 1901 mwalimu Anko Itosu aliuingiza katika shule za Okinawa ili ujenge mwili na tabia za watoto. Mwanafunzi wake Gichin Funakoshi, naye mwalimu wa shule, aliuonyesha Tokyo mwaka 1922, na kutoka kwake ikaja karate ya Shotokan. Chojun Miyagi aliunda ile ya Goju-ryu. Mikanda tunayoihangaikia leo haikuwa ya karate. Ilianzia kwa Jigoro Kano, mwasisi wa judo, na Funakoshi akaiiga katika miaka ya 1920.

Tunaona basi kwamba karate ilienezwa na walimu wa shule. Funakoshi alisisitiza kwamba karate huanza na kuisha kwa adabu, na kwamba mwanakarate hawi wa kwanza kushambulia. Anayefundisha kinyume cha hayo huenda anafundisha kupigana, lakini hafundishi karate.

Nguzo tatu

Karate yoyote halisi inasimama juu ya nguzo tatu, kwa majina yake ya Kijapani kihon, kata na kumite.

Kihon ni misingi: kusimama, kupumua, kupiga ngumi, kukinga, kupiga teke. Hurudiwa mara elfu, mpaka mwili uzijue bila kuambiwa. Kata ni mfululizo wa miondoko iliyopangwa, ambayo mtu huifanya peke yake kana kwamba amezungukwa na maadui. Kumite ni kukabiliana na mwenzako, kwanza kwa miondoko iliyokubaliwa, kisha kwa uhuru zaidi.

Mchuma chai ataelewa haraka kuliko wengi kwa nini marudio ni muhimu. Siku ya kwanza shambani anaonyeshwa kitu kimoja: majani mawili na chipukizi. Hakuna siri nyingine. Lakini kuyachuma siku nzima, kwa mikono miwili, bila kubeba jani gumu wala kuumiza kichaka, ni ujuzi wa miaka. Karate nayo ni hivyo. Siri zake ni chache na ziko wazi. Kazi iko katika kuzirudia vizuri.

Kata pekee haitoshi. Mwalimu anapaswa kueleza kila mwondoko una kazi gani, kisha wanafunzi waujaribu kwa mwenzao anayekataa kuanguka kirahisi. Kata isiyoelezwa hugeuka ngoma, na pigano lisilo na misingi hugeuka ugomvi wa mtaani.

Sarakasi inavyofanya kazi

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Karate ya maonyesho hujitembeza sana, na mbinu zake si ngumu kuzijua.

Kuvunja vigae ni mfano. Tazama kama kuna vipande vidogo vilivyowekwa kati ya kigae na kigae. Nafasi ile hufanya kila kigae kivunjike peke yake na kumwangukia mwenzake, badala ya rundo zima kulipokea pigo kwa pamoja. Mbao nazo hukatwa nyembamba, hukaushwa, na hupigwa kufuata nyuzi zake, mahali zinapopasuka kwa urahisi. Wapo wanakarate wa kweli wanaovunja vitu kujipima nguvu, lakini kuvunja peke yake hakuthibitishi kwamba mtu anaweza kujilinda. Ubao haukusukumi wala haukushiki nywele.

Mfano mwingine ni wale wanaodai kumwangusha mtu bila kumgusa. Wanafunzi wao huanguka kwa sababu wamezoea kuanguka. Aprili 2017 huko Chengdu, China, bingwa wa taichi aliyeitwa Wei Lei alikabiliana na Xu Xiaodong, mpiganaji wa michezo mchanganyiko. Pambano halikufika nusu dakika. Wei Lei alikuwa chini, na sifa zote alizokuwa akipewa hazikumsaidia.

Kuna pia mateke ya juu ya kuruka, tuliyoyaona kwenye filamu tangu utotoni. Yanapendeza kwa macho. Sasa mfikirie mchuma chai wa Kericho: amevaa mabuti ya mpira na aproni ya plastiki, ana mzigo mgongoni, anasimama kwenye mteremko uliolowa mvua, na vichaka vinamfika kiunoni. Akiinua mguu kufikia kichwa cha mtu, atajiangusha mwenyewe. Mbinu isiyowezekana katika nguo na ardhi ya mwenye kuihitaji haimfai, hata ikipigiwa makofi mangapi.

Nguvu yenye lijamu

Alama kubwa ya karate ya kweli ni uwezo wa kuizuia nguvu. Dunia nzima ililiona hilo tarehe 7 Agosti 2021, katika Olimpiki za Tokyo, fainali ya wanaume wa zaidi ya kilo 75. Tareg Hamedi wa Saudia alikuwa akiongoza kwa alama 4 kwa 1. Akapiga teke lililomfikia Sajad Ganjzadeh wa Iran kichwani, na Ganjzadeh akalala hapo hapo. Katika michezo mingine ya mapigano huo ungekuwa ushindi. Katika karate ile, waamuzi walimwondoa Hamedi kwa kupiga bila udhibiti, na dhahabu ikaenda kwa aliyelala chini.

Wengi walilalamika, na mjadala haujaisha. Lakini kanuni yenyewe inaeleweka: ukishindwa kulizuia pigo lako, bado hujawa bwana wake. Kwa Muislamu aliyefundishwa kuepuka kupiga uso, jambo hilo si geni. Na kwa mzazi ni kipimo rahisi. Watoto wakirudi kutoka mazoezini kila wiki na midomo iliyopasuka, hapo hakuna udhibiti.

Maswali ya kumuuliza mwalimu

Kabla ya kulipa ada, nenda ukatazame somo zima, kisha uliza haya:

1. Umefundishwa na nani, mtindo gani, na kwa miaka mingapi? Mwalimu wa kweli hutaja walimu wake bila kigugumizi. Aliyebuni mtindo wake na kujipa cheo cha juu, mwogope.

2. Mkanda mweusi huchukua muda gani? Akikuahidi kwa miezi sita, anauza kitambaa. Kwa mazoezi ya kudumu, miaka mitatu ni michache.

3. Una uhusiano gani na shirikisho la karate la Kenya? Na je, una cheti cha polisi cha tabia njema? Mtu anayekaa na watoto wa watu hapaswi kukasirika kwa swali hilo.

4. Mzazi anaruhusiwa kutazama wakati wowote? Mlango uliofungwa ni jibu tosha. Mafunzo ya kujilinda nayo yanaweza kuwa mahali pa dhuluma.

5. Ada zote ni zipi? Ziandikwe, pamoja na za mitihani ya mikanda.

6. Vipi kuhusu kuinama? Mzazi Muislamu ana haki ya kuuliza. Katika karate kuinama ni salamu na si ibada, lakini mwalimu muungwana atakubali mwanafunzi aweke mkono kifuani badala yake. Kuhusu hijabu, Shirikisho la Karate Duniani linaruhusu ya aina maalumu hata mashindanoni.

Usidanganywe na jengo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mmarekani mweusi Nantambu Camara Bomani alianza kufundisha Goju-ryu ya Okinawa jijini Dar es Salaam, katika Shule ya Zanaki, na mbegu ile ikazaa walimu waliowafundisha wengine. Ukumbi wa shule au wa kambi ya wafanyakazi unatosha, mradi sakafu ni kavu na mwalimu ni mkweli.

Mchuma chai afundishwe nini

Mwanamke anayerauka alfajiri kwenda shambani hahitaji kata 20 kabla ya kuwa salama. Anahitaji mambo machache ayashike barabara: kusimama imara kwenye utelezi, kuona mapema na kuweka umbali, kusema "hapana" kwa sauti inayosikika mistari kumi mbali, kuutoa mkono ulioshikwa, kupiga mahali laini kwa kiwiko, goti au kiganja, kisha kukimbilia walipo watu. Teke la chini kwenye goti au muundi litamfaa hata akiwa na mabuti.

Jambo hili limewahi kupimwa hapa kwetu Kenya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia wasichana wa sekondari katika mitaa ya mabanda ya Nairobi waliopata mafunzo mafupi ya kujilinda, yaliyotanguliza sauti na msimamo kabla ya ngumi. Idadi ya waliosema wamebakwa au kunajisiwa katika mwaka ilishuka kutoka asilimia 24.6 hadi 9.2. Tafiti kubwa zaidi zilizofuata zilikuwa na matokeo mchanganyiko, kwa hivyo tusiyafanye mafunzo hayo kuwa dawa ya kila kitu. Tunachojifunza ni kwamba wasichana wale hawakufundishwa kuruka wala kuvunja vigae.

Mahali karate inapokomea

Hapa ndipo mwalimu mkweli anapojulikana zaidi: hufundisha pia mipaka. Wanawake waliozungumza na BBC hawakukosa nguvu za mikono. Aliyewadhulumu alishika kazi yao na mkate wa watoto wao. Hakuna ngumi inayomjibu msimamizi anayesema "kubali au kesho usije".

Jibu la hapo ni sheria na umoja. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inamhesabu mwenye mamlaka anayemsumbua kingono aliye chini yake kuwa mhalifu. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera iliyoandikwa dhidi ya usumbufu huo. Mfanyakazi ana haki ya kuuliza sera hiyo iko wapi. Namba ya simu 1195 hupigwa bure kwa waliodhulumiwa, na 116 ni ya watoto. Aliyebakwa afike hospitali haraka, kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya ukimwi hazisaidii baada ya hapo, na asioge kabla ya kuonekana na daktari.

Darasa la karate lenye maana katika nchi ya chai litakuwa na namba hizo ukutani, karibu na orodha ya mikanda. Litawafundisha wavulana pia, tena wao kwanza, kwamba mwenye nguvu hupimwa kwa anayemwacha salama.

Chai ya Kericho na Bomet huletwa kwenye mnada wa Mombasa, na pale waonjaji hawaangalii picha ya pakiti. Wanaimwagia maji ya moto, wanaivuta mdomoni, wanaitema, kisha wanasema bei. Mzazi anayemtafutia mwanawe mwalimu wa karate na afanye hivyo hivyo: aache mabango na mikanda, akae pembeni ya ukumbi saa nzima, atazame kinachofundishwa.