Hadhira Inayojibu: Nanga, Kivugo na Jamii ya Wahaya

Mwanafunzi wa Kiswahili anayekutana na neno nanga kwa mara ya kwanza katika maandishi kuhusu fasihi simulizi ya Kagera aghalabu hufikiria jahazi lililotulia bandarini. Kosa hilo nimelisahihisha darasani mara nyingi, na sijawahi kulichukia, kwani hufungua mjadala mzuri. Nanga ya mabaharia ilitujia kutoka Kiajemi. Nanga ya Wahaya, yaani enanga, ni neno la Kibantu, na ndugu zake ni inanga ya Wanyarwanda na Warundi, na ennanga ya Waganda. Kwa Wahaya ni gogo lililochongwa na kukombwa mfano wa hori, kisha likatandazwa nyuzi juu yake. Mpigaji huketi, hupiga, huimba na kusimulia. Na hicho anachokisimulia ndicho kinachotukutanisha leo.

Kuna neno la pili. Katika uainishaji wa tanzu za fasihi simulizi unaofundishwa vyuoni mwetu, tumezoea kukuta istilahi kivugo, yaani ushairi wa kujigamba. Wahaya wanao utanzu huo na huuita ekyebugo; kwa Wanyarwanda ni icyivugo; na H. F. Morris alichapisha mwaka 1964 mkusanyiko wa majigambo ya aina hiyo ya Wahima wa Ankole. Ni dhahiri kwamba istilahi yetu haikutoka pwani. Imetoka katika nchi za maziwa makuu, ikaingia katika Kiswahili cha taaluma bila kelele, na wengi wanaoitumia katika mitihani hawajui kwamba ilipata kutamkwa na mtu aliyeshika mkuki.

Kutajwa kwa mkuki si pambo. Mwenye kutoa ekyebugo alisimama mbele ya mkama, akataja ushujaa wake na kuahidi utii wake. Hakusema faraghani. Alisema mbele ya watu waliomjua yeye, baba yake na shamba lake la migomba, na ambao wangeweza kumsuta iwapo angesema uongo. Majigambo, kwa hiyo, yalikuwa kiapo chenye mashahidi. Vitabu vyetu vya shule hutosheka kusema kwamba sanaa huelimisha, huonya na kuburudisha. Sina ugomvi na orodha hiyo, ila haielezi kwa nini watu wa Kianja au Ihangiro walihitaji kukusanyika ili waelimishwe, ilhali mzee mmoja angeweza kuwaonya nyumba kwa nyumba. Dai langu katika mhadhara huu ni kwamba sanaa iliwafunga pamoja kwa kuwa ilimpa kila aliyehudhuria wajibu wa kujibu.

Ushahidi wa dai hilo uko pia katika hadithi. Mwaka 1980, Peter Seitel alichapisha kitabu cha ngano za Kihaya, na jina la kitabu alilitoa katika kianzio cha ngano: wasikilizaji humwambia msimulizi aone, ili nao waone. Tazameni namna kauli hiyo ilivyojengwa. Msimulizi hana macho mpaka hadhira impe ruhusa, na hadhira haioni mpaka yeye aone. Kadhalika katika nanga: wasikilizaji huitikia, huchombeza, hutunza, na lubisi ikizunguka huenda utendi ukarefuka kupita ulivyokusudiwa. Tendi kama Rukiza na Kachwenyanja hazikuwa na urefu mmoja uliokubaliwa, kwa sababu hazikuwa na hadhira moja.

Wanataaluma walichelewa kulisikia jambo hili. Mwaka 1970 Ruth Finnegan alitia shaka iwapo Afrika ina utendi wa kweli kwa maana inayofahamika Ulaya. Mugyabuso Mulokozi, mshairi na mtunzi wa tamthilia za Kiswahili, alijibu kwa kuwachunguza watambaji wa nanga: kwanza katika makala ya mwaka 1983, kisha katika tasnifu yake ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ya mwaka 1986. Mhaya aliyeandika tungo zake kwa Kiswahili aliutetea ushairi wa Kihaya kwa Kiingereza. Hali hiyo inatupasa kuitafakari kuliko tulivyokwisha kufanya.

Kufikia wakati huo baraza lenyewe lilikuwa limekwisha. Utawala wa kichifu ulifutwa mwaka 1963, na nanga ikabaki na arusi na vilabu vya pombe. Wapo wanaouona mwaka huo kuwa mwisho wa sanaa hiyo. Mimi sikubaliani nao. Mkama aliondoka, lakini wenye kujibu walibaki.

Pigo lililowagusa wenye kujibu lilikuja miaka 20 baadaye. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa Kagera, katika hospitali ya Ndolage, Muleba. Watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo iliyopendwa iliyokuwa ikiletwa na biashara ya magendo kutoka Uganda: jamii ilitafuta neno sokoni kabla wataalamu hawajatuundia kifupisho. Ugonjwa uliwachukua watu wazima, yaani hasa wale ambao wangepokea simulizi kwa wazee na kuzikabidhi kwa watoto.

Mwaka 2001 Saida Karoli, binti wa Bukoba, alitoa albamu ya Maria Salome, na nchi nzima ikacheza nyimbo za Kihaya bila kuelewa maneno yake. Mwaka 2016 Diamond Platnumz aliurudia wimbo huo kwa namna yake. Nilifurahi, nakiri, ingawa mwanaisimu ndani yangu alinong'ona kwamba anayecheza tu hajajibu bado.

Kisa cha Katuruka, karibu na mji wa Bukoba, ndicho kinachonipa la kuongeza. Peter Schmidt, mwanaakiolojia wa Marekani, alipofika huko mwishoni mwa miaka ya 1960, alianza kwa kuwasikiliza wazee. Walimsimulia habari za mfalme Rugomora Mahe na mnara wa chuma aliotaka ufike mbinguni, wakamwonyesha mahali. Alipochimba alikuta mabaki ya uyeyushaji wa chuma ambayo umri wake, ulipopimwa, ulizidi miaka 2,000. Aliporudi mwaka 2008, wengi wa waliomsimulia walikuwa wamekufa. Wanakijiji wenyewe ndio waliokuwa wakitaka urithi huo uhifadhiwe. Waliunda kamati na kuanza kukusanya masimulizi upya, nyumba baada ya nyumba. Katika kazi hiyo walizungumza na wanawake wazee, ambao watafiti wa awali hawakuwauliza sana, kwa kuwa historia ya wafalme ilihesabiwa kuwa ya wanaume. Walikuta kwamba wanawake hao walikuwa na mengi ya kusimulia.