Kilichojificha Mipakani: Fosforasi, Bessemer na Karani wa Mahakama

Historia ya viwanda husimuliwa kwetu kama orodha ya washindi. Mimi naona kwamba tunajifunza zaidi tukiwafuata walioshindwa, hasa wale walionakili mafanikio ya mwenzao hatua kwa hatua na bado wakaambulia hasara.

Mwezi Agosti 1856, katika mji wa Cheltenham, Henry Bessemer aliwatangazia wanasayansi wa Uingereza njia mpya ya kutengeneza chuma cha pua. Alipuliza hewa ndani ya chuma ghafi kilichoyeyuka. Uchafu ukaungua na kutoa joto lililotosha kuendesha kazi yote bila kuni wala makaa mengine. Wenye viwanda waligombea leseni, na baada ya majuma machache Bessemer alikuwa amekusanya pauni 27,000. Walipojaribu wenyewe, walipata chuma kinachovunjika kama kigae. Sifa ikageuka dhihaka.

Bessemer hakuwa laghai. Chuma ghafi alichokitumia kilitoka Blaenavon, nchini Wales, nacho kwa bahati kilikuwa na fosforasi kidogo sana. Madini mengi ya Uingereza yalijaa fosforasi, na tanuri lake halikuweza kuiondoa. Alifaulu bila kujua kwa nini alifaulu. Alichouza kilikuwa utaratibu, si sharti lililoufanya utaratibu ufanikiwe.

Fosforasi hufanya nini ndani ya chuma? Chuma kigumu si pande moja. Ni chembe nyingi za fuwele zilizobanana, na kati ya chembe na chembe kuna mpaka. Atomu za fosforasi hazikai vizuri ndani ya fuwele, hivyo chuma kinapopoa polepole huhamia mipakani na kurundikana huko. Kipande kizima kinaweza kuwa na fosforasi kidogo mno, lakini mipaka yake ikawa imesheheni. Hapo mshikamano wa chembe hulegea, na pigo likija, hasa wakati wa baridi, ufa hupita mpakani mwa chembe na kuziacha chembe zenyewe nzima. Haya yalionekana waziwazi katika miaka ya 1960 na 1970 tu, vilipopatikana vyombo vya kupima tabaka la atomu chache juu ya uso uliovunjika.

Bessemer aliikwepa shida kwa kununua chuma safi kutoka Sweden. Kwa zaidi ya miaka 20, njia yake ikawa neema ya wenye madini safi. Wengine walikalia utajiri usiotumika.

Aliyeifungua njia alikuwa Sidney Gilchrist Thomas, karani wa mahakama jijini London, aliyesoma kemia jioni baada ya kazi. Thomas hakuuliza jinsi ya kupuliza hewa vizuri zaidi. Aliuliza fosforasi ikiungua huenda wapi. Kuta za tanuri zilikuwa za silika, yenye tabia ya asidi, kwa hiyo fosforasi iliyoungua haikupata pa kushikwa ikarudi katika chuma. Akisaidiwa na binamu yake Percy Gilchrist, mkemia huko Blaenavon, alijenga kuta za dolomaiti na kutia chokaa. Fosforasi ikanaswa katika mavi ya chuma. Mwaka 1879 njia hiyo ilithibitishwa Middlesbrough. Mavi yale yalisagwa yakawa mbolea. Thomas alifariki mwaka 1885, akiwa na umri wa miaka 34.

Faida kubwa, hata hivyo, haikubaki Uingereza. Ujerumani, iliyoitwaa sehemu ya Lorraine baada ya vita vya 1870 na 1871, ilijikuta na madini tele yenye fosforasi ambayo sasa yalifaa. Kabla ya karne kwisha, ilikuwa imeipita Uingereza kwa uzalishaji wa chuma cha pua.

Nayaandika haya kwa sababu nchi zetu ni wanunuzi hodari wa leseni: mitaala, sheria za fedha, mifumo ya utawala. Tunapokea utaratibu uliofaulu kwingine, na unapovunjika mikononi mwetu tunalaumiana uvivu. Swali la Thomas lingetufaa zaidi: huko ulikotoka, ni nini kilichoushikilia ambacho hakuna aliyekiandika, na huku kwetu ni nini kinachorundikana mipakani?