Siri ya mgonjwa: toka Juliana hadi kivuko cha Kigongo

Nimepotea kidogo, si mnajua mambo ya testi na kazi za semina. Bumu nalo ndo hivyo, liliingia asubuhi jioni halipo. Haya, leo naleta historia, maana ndo somo langu, ila inaanzia nyumbani Kigongo.

Kabla daraja la kwenda Busisi halijafunguliwa Juni 19, 2025, maisha ya pale yalikuwa kivuko. Shangazi yangu aliuza chai na vitumbua kwa abiria waliosubiri kuvuka. Nilikuwa darasa la tatu alipopima akakutwa na virusi. Mhudumu mmoja wa afya, nadhani kwa nia njema kabisa, akamwambia wifi yake: "Mwangalieni ndugu yenu, ameathirika." Wifi akamwambia jirani. Wiki haikuisha, vitumbua vikaanza kulala. Shangazi akahamishia kliniki yake Sengerema, ng'ambo, ambako hakuna anayemjua. Mwezi akikosa nauli, dozi inaruka.

Sasa turudi nyuma. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligundulika Kagera mwaka 1983. Watu kule wakauita Juliana, jina la nguo za biashara zilizokuwa zinatoka Uganda. Waganda wenyewe wakauita Slim, kwa jinsi mtu alivyokonda. Dawa hakuna, na daktari yuko kwenye mtihani mgumu. Hospitali zetu anayeuguza ni ndugu. Ndiye analeta uji, anamgeuza mgonjwa, anafua mashuka. Ni rahisi mno habari kumfikia yeye kabla ya mwenye mwili.

Mwaka 2004 serikali ikaanza kutoa ARV bure. Hapo siri ikawa suala la uhai, maana anayeogopa kuonekana kliniki anakosa dawa. Julai 14, 2007 Rais Kikwete na Mama Salma wakapima hadharani pale Mnazi Mmoja, Dar, ili kuondoa aibu. Safi sana, ila kumbukeni walijitokeza wenyewe. Hakuna aliyewatangaza.

Mwaka 2008 ikaja Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI. Kupima kwa hiari, majibu ni siri, na mhudumu anabanwa kuitunza. Lakini sheria hiyo hiyo inamtaka anayejua ameambukizwa amjulishe mwenzi wake. Yaani sheria imeangalia nani yuko hatarini. Mwenzi yupo. Wifi je? Hayupo. Baadaye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo ikaziweka habari za afya kwenye kundi la taarifa nyeti.

Kuna rafiki yangu wa hosteli huwa anabisha: "Kwetu Afrika ugonjwa ni wa ukoo, bwana, mambo ya siri ni ya Wazungu." Sikatai kwamba ukoo ndo unauguza. Ila wifi angesikia kwa Shangazi mwenyewe, siku aliyoichagua yeye, pengine angemshika mkono badala ya kwenda kwa jirani. Ni swali moja tu lilikosekana pale zahanati: "Mama, ungependa nimwambie nani, na nimwambie nini?"

Na sisi walimu watarajiwa tusijione tuko pembeni. Tangu sheria irekebishwe mwaka 2019, mtoto wa miaka 15 anaweza kupima bila idhini ya mzazi. Huyo ni mwanafunzi wako wa fomu tu au fomu sri. Ipo siku atakuja ofisini kuomba ruhusa ya kliniki. Ukilisema staff room, umeshamvusha kwenda Sengerema.

Shangazi yupo, mzima, anameza dawa. Nilimpigia kuomba ruhusa niandike haya. Akacheka, akasema: "Andika, ila jina langu liache." Nimeliacha.

Nawasilisha. Tuko pamoja.